Kofia Juu ya Mashine Namba Nne

Kasino ilifunguliwa Nachingwea mwezi ambao malipo ya korosho yalikuwa yameingia kwenye simu za watu, ikafungwa kabla mikorosho haijazaa tena. Nilifanya kazi humo tangu siku ya kwanza mpaka mashine ya mwisho ilipopakiwa kwenye lori. Nimesikia sababu nyingi za kufa kwake. Wapo wanaosema ni dua za masheikh, wapo wanaosema ni umeme wa kukatika, na wapo wanaosema mwenye kasino alienda kwa mganga wa Ruangwa akasahau wa Nachingwea. Mimi nilikuwepo. Kasino iliuawa na kofia, na kofia yenyewe ilikuwa ya mjomba wangu.

Kazi yangu ni ufundi wa redio na televisheni. Darasani niliishia la saba. Mengine niliyapata kwenye vitabu vilivyotupwa na kwenye vifaa vilivyokufa, kwa kufungua kimoja baada ya kingine na kuandika daftarini nilichokiona. Mwenye kasino alikuwa mtu wa Ruangwa aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi. Alinikuta kibandani kwangu karibu na stendi, akaniuliza kama naweza kutengeneza dubwi. Dubwi ni ile mashine ya kubahatisha inayokula sarafu za mia mbili, yenye picha za matunda na taa zinazozunguka. Nilikuwa nimeziona kwenye kona za baa, moja moja. Yeye alileta kumi na mbili. Alizipanga katika ghala la zamani lililobaki tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, akapaka ukuta rangi nyekundu, akamweka mama mmoja nyuma ya dirisha la nondo abadilishe noti kuwa sarafu. Juu ya mlango akaandikisha neno KASINO kwa herufi kubwa.

Mashine zilikuja na kitabu. Kilikuwa cha Kichina, na kurasa za nyuma zilikuwa na Kiingereza kibovu. Nilikaa nacho wiki mbili pamoja na kamusi. Nilielewa kwamba ndani ya kila mashine kuna bodi, na bodi hiyo huchagua upya kila batani inapobonyezwa. Haijali aliyekaa ni nani, amekaa muda gani, wala ameweka kiasi gani. Mwenye mashine hupanga tu ni sehemu gani ya jumla irudi kwa wachezaji. Nililiandika hilo kwa wino mwekundu kwa sababu niliona ndilo jambo kuu. Miezi mingi ikapita bila mtu kuniuliza.

Miezi ya kwanza ghala lilijaa. Watu walitoka Ruponda na Mnero kwa pikipiki, wengine kwa baiskeli, wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wengi walikuwa wakulima, na nyumbani wasingegusa karata kwa sababu karata ni kamari na kamari ni haramu. Dubwi walilihesabu kuwa kitu kingine. Mzee mmoja aliniambia, bila utani wowote usoni, kwamba kamari huchezwa na watu wawili, na humu yeye alikuwa peke yake.

Jambo nililoliona mapema, ingawa sikulipa uzito, ni lugha yao. Waliizungumzia mashine kama mkorosho. Iliyotoa sarafu chache walisema imechanua. Iliyonyamaza kwa siku kadhaa walisema inapumzika, na kwamba mwaka wa kupumzika hufuatwa na mwaka wa kuzaa. Mtu akihama kutoka mashine moja kwenda nyingine, walimcheka kama mkulima anayekimbia shamba wakati wa palizi. Mwenye kasino alipenda maneno hayo kwa sababu yaliwaweka watu vitini.

Mwezi wa sita ufuta ukauzwa. Mjomba alikuja mjini na pesa zake za ufuta kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya shati. Mjomba ni kaka wa mama yangu. Kwetu mtoto wa dada ndiye anayetarajiwa kushika miti ya mjomba wake, kwa hiyo mikorosho yake ya Ruponda, mia moja na ushee, ilikuwa jambo langu pia, ingawa sikuwahi kulisema. Alikuwa amekuja kununua salfa. Mkorosho ukianza kuchanua bila kupuliziwa salfa hushikwa na ubwiriunga: maua hufunikwa na unga mweupe, kisha hukauka yakawa meusi, na mwaka ule hakuna korosho. Hupuliziwa mara tatu au zaidi, kila baada ya wiki chache. Pesa za ufuta ndizo hununua salfa, na salfa ndiyo huleta korosho. Mjomba alikuwa amekwenda hivyo maisha yake yote.

Alipita kasino kunisalimia tu. Nilikuwa nimeinama nyuma ya mashine namba tisa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hii inakula nini?"

"Sarafu."

"Na inazaa nini?"

"Sarafu."

Akaitazama namba nne, iliyokuwa wazi. "Basi ile inayoingia ni mbegu," akasema, akakaa.

Nilimwambia anunue salfa kwanza. Akajibu kwamba duka halihami. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne alirudi asubuhi kwa pikipiki, akakaa namba nne. Jumatano pia. Jumatano hiyohiyo mkaza mjomba, yaani mke wake, alinipigia simu.

"Mjomba wako amenunua salfa?"

"Bado."

"Ile miti ya bondeni imeshaanza kutoa maua. Mwambie. Mimi akinisikia anasema namharakisha."

Nilimwambia. Mfuko wa nailoni ulikuwa umebaki na noti chache, na zilikuwa zimekunjwa ndogo sana, kama anazificha asizione mwenyewe.

Alhamisi ilipoadhiniwa adhuhuri, mjomba aliinuka kwenda msikitini. Alivua kofia yake nyeupe, ile ya kushonwa kwa mkono, akaiweka juu ya kiti cha namba nne. Akatoka kichwa wazi. Nadhani siku ile aliswali hivyohivyo.

Dereva mmoja wa bodaboda, mtu wa miaka thelathini hivi, alikuwa anasubiri abiria mlangoni. Aliingia, akaichukua kofia kwa heshima, akaiweka juu ya mashine, akakaa. Alikuwa na sarafu tano. Kwa ile ya nne mashine ilianza kulia, taa zikazunguka, na sarafu zikamwagika kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona. Alizikinga kwa helmeti. Helmeti ilipojaa, mama wa kaunta akamletea ndoo ndogo.

Mjomba alirudi akiwa na maji ya udhu bado miguuni.

"Weka chini," alisema.

"Niweke nini, mzee wangu? Imenitemea mimi."

"Kofia hukuiona?"

"Nimeiona, nimekutunzia pale juu. Lakini mzee baba, kofia haibonyezi batani."

Watu wakacheka.

"Kofia ni alama," mjomba alisema. "Mti wenye alama una mwenyewe."

"Mti! Kitu kimetoka China kwenye kontena. Wewe umekipanda lini?"

"Jumatatu."

Walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikatika katikati. Walikuwa wameielewa hoja. Mgeni asingeielewa, kwa hiyo nitaieleza. Huku kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kupanda mikorosho kwenye ardhi ya shemeji yake, miti ikawa yake, akaokota kila msimu, akairithisha. Barabara ikipita hapo, fidia ya miti humfuata aliyepanda. Na mwingine akiokota korosho chini ya mti ule bila ruhusa, hata kama zimeanguka zenyewe, huyo ni mwizi. Kwa macho hayo ghala lilikuwa ardhi ya mwenye kasino, namba nne ilikuwa mti, na yule wa bodaboda alikuwa mtu aliyeokota.

Mwenye kasino alitoka ofisini. Aliogopa ngumi, na zaidi aliogopa polisi kuja kwa sababu ya ngumi. Akasema hili wateja waliamue wenyewe. Benchi mbili zikasogezwa zikatazamana, ndoo ikawekwa katikati. Mama wa kaunta aliulizwa kwanza.

"Tangu Jumatatu namba nne ni ya mzee tu," alisema. "Hajakaa mwingine. Hata soda anakunywa hapohapo."

Kisha wakanigeukia mimi.

"Fundi, wewe ndiye unayezifungua," mwenye kasino aliuliza. "Zile sarafu za mzee zimo humo ndani, au hazimo?"

Nilijua mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. La kwanza, sarafu za mjomba zilikuwa tumboni mwa mashine. Mwenye kasino huzitoa kila Ijumaa, na siku ile ilikuwa Alhamisi. La pili, kuwemo kwake hakukuwa na uhusiano wowote na kile kilichomwagika. Mtu yeyote angekaa pale, au asingekaa mtu kabisa kwa mwezi mzima, bodi ingechagua vilevile kwa upofu. Jambo hili la pili ndilo walilohitaji kulijua. Hawakuuliza hilo. Nilimtazama mjomba. Yeye alikuwa anaitazama ndoo, na mimi nilikuwa nayafikiria maua ya bondeni.

"Zimo," nilisema.

"Huyo ni mpwa wake!" yule wa bodaboda aliruka. "Mrithi huyo, mlitaka aseme nini? Siku mzee akifa si ndiye atakayekaa namba nne?"

Walicheka mpaka mama wa kaunta akafuta machozi. Lakini mwenye kasino aliinua mkono. "Nimeuliza zimo au hazimo. Amesema zimo."

Waliamua kama wanavyoamua shambani. Ndoo ni ya aliyepanda. Aliyeokota ni kibarua, na kibarua ana haki yake, kwa hiyo alipimiwa bakuli moja lililojaa. Akalipokea akitikisa kichwa.

"Haya, nimeokota. Mzee, kesho ukiwa na kazi uniite."

Nilimpeleka mjomba moja kwa moja dukani. Nilitaka anunue salfa ya awamu zote. Alinunua ya awamu ya kwanza, akalipia mashine ya kupulizia kwa siku mbili, akafunga mfuko wa nailoni.

"Na awamu ya pili?"

"Mpwa wangu, mti ukianza kuzaa huukimbii."

Angalau awamu ya kwanza ilipulizwa kwa wakati. Mkaza mjomba alinipigia kunishukuru, na mimi nikazipokea shukrani zake.

Kilichofuata kilikwenda taratibu, na mwanzoni mwenye kasino alifurahi. Habari ya hukumu ilifika vijijini. Watu walikuja kupata mashine zao. Ndani ya wiki mbili kila mashine ilikuwa na mwenyewe, na kila kiti kilikuwa na kitu juu yake: kofia, kanga iliyokunjwa, ndala moja, ufunguo wa baiskeli. Mwenyewe anaweza kuwa Mnero analima. Mashine yake inapumzika, na asiiguse mtu. Wengine walianza kuazimisha mashine kwa makubaliano ya nusu kwa nusu. Mama mmoja aliibadilisha namba saba kwa mbuzi jike, na mashahidi wakaitwa. Ndugu wawili waligombana juu ya namba mbili kwa kuwa aliyeianza ni marehemu kaka yao. Kila jambo lilikuwa na utaratibu wake, na kila utaratibu ulikuwa sahihi kabisa, kama ungekuwa shambani.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyecheza. Wafanyakazi wenye mishahara walipoingia mwisho wa mwezi walikuta ghala lina vifaa kumi na viwili vinavyowaka taa na watu watatu wamekaa, na kila walipotaka kukaa waliambiwa, "Hiyo ina mwenyewe." Wakaenda baa.

Mwenye kasino alijaribu kuondoa kofia. Mzee wa namba kumi na moja alimshika mkono. "Unaning'olea mti wangu mchana kweupe?" Akajaribu kuzihamisha mashine usiku ili watu wasizitambue. Asubuhi walizitambua zote. Zilikuwa zimekwaruzwa alama nyuma, kama shina la mkorosho linavyochanjwa. Aliniita ofisini.

"Fundi, waeleze. Waambie mashine haina cha kupanda wala cha kuvuna."

Nilisimama mbele ya benchi zilezile, nikaeleza bodi inavyofanya kazi. Nilieleza vizuri, kwa mfano wa dadu. Wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha yule wa bodaboda, ambaye sasa alikuwa na namba tano, akaniuliza kwa upole, "Sasa fundi, siku ile ya mzee ulisema zimo. Leo hazimo?"

Nilikaa.

Wakati wote huo mjomba alikuja kila siku ya pili. Sasa hata kofia hakuihitaji. Namba nne ilijulikana. Niliuliza habari za awamu ya pili ya salfa mara tano, na mara tano akasema kesho. Ilipofika mwisho wa mwezi wa nane mkaza mjomba hakupiga simu tena. Alikuja mwenyewe, akiwa na tawi la mkorosho ndani ya gazeti. Alilifungua juu ya kaunta yangu kibandani. Maua yalikuwa na unga mweupe, na mengine yalikuwa yameshaungua.

"Ya bondeni yote yako hivi," alisema. "Ya juu bado kidogo."

Nilifunga kibanda, nikanunua salfa kwa nilichokuwa nacho, tukaipuliza ile miti ya juu kesho yake alfajiri. Ya bondeni ilikuwa imechelewa.

Wiki hiyohiyo mwenye kasino alileta lori. Aliamua kuhamia Ruangwa, ambako wachimbaji wadogo walikuwa na pesa. Wenye mashine walikusanyika, wakadai fidia ya miti, kwa utulivu, mmoja mmoja, kila mtu akitaja alipanda lini. Wengi aliwapa soda. Mjomba alikataa soda. Namba nne ilikuwa imeungua bodi kwa umeme wa kurudi ghafla, na nilikuwa nimeshamwambia mwenye kasino kwamba haifai.

"Mzee," akasema kwa uchovu, "chukua mti wako."

Tukaupakia kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya matairi matatu, mpaka Ruponda.

Ruangwa nilikwenda mara moja kumsimikia zile mashine kumi na moja. Alikuwa ameandika ukutani: KUWEKA KOFIA NI MARUFUKU. Siku ya kufungua waliingia watu wa Nambilanje, wakasoma maandishi, wakaulizana, wakavua viatu wakaviweka kwenye viti. Kasino ile haikumaliza miezi miwili. Jengo lile sasa ni stoo ya mbaazi.

Nilikwenda Ruponda mwezi wa tisa. Namba nne ilikuwa imesimama ukumbini, pembeni ya mtungi, imefunikwa kanga. Mjomba alitaka niifungue, na ufunguo wake ulikuwa bado kwenye shada langu la funguo. Mkaza mjomba aliacha kupepeta akasogea. Ndani kulikuwa na vumbi, mjusi mkavu, na sarafu moja iliyokwama kwenye mlango wa chini.

"Ulisema zimo," mjomba alisema.

"Zilikuwemo. Zilikuwa zinatolewa kila Ijumaa." Kisha nikamweleza lile la pili, lote, kama nilivyoliandika kwa wino mwekundu: kwamba mashine haimkumbuki mtu, na kwamba siku ile nililijua.

Aliichomoa ile sarafu iliyokwama, akaifuta vumbi.

"Ungesema siku ile, ningekosa ndoo," alisema.

"Ndiyo."

"Na ningerudi nyumbani."

"Pengine."

"Ningerudi," alisema. "Nilikuwa nimebakiwa na noti mbili. Ningerudi nikauza mbuzi, nikanunua salfa."

Mkaza mjomba hakunilaumu. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyesoma," akarudi kwenye ungo wake.

Msimu ule korosho za mjomba zilibebwa na baiskeli moja kwa safari moja. Miaka mingine huhitaji guta.

Mwaka uliofuata, ufuta ulipolipwa, alikuja kibandani na mfuko wa nailoni, akauweka mbele yangu bila kuketi. "Nunua wewe. Awamu zote." Pesa zilikuwa pungufu kwa sababu alikuwa amelima kidogo, mbegu alikuwa amezikopa. Nilinunua kilichowezekana na kuongeza changu. Tulianza kabla ya jua, wakati umande upo na upepo haupo. Mimi nilibeba mashine ya kupulizia mgongoni, yeye alinimiminia salfa na kunionyesha njia. Tulianza na miti ya bondeni. Unga wa njano ulitanda juu ya matawi ukatulia, na kofia yake ikawa ya njano.

Tulipofika mstari wa katikati alisimama.

"Imebaki?" akauliza.

Nilichungulia mfuko, nikapima kwa macho, nikahesabu miti iliyosimama mbele yetu.

"Imebaki," nilisema. "Lakini haifiki mwisho. Miti kumi na minne itakosa, na ya awamu ya pili sijaipata bado. Huenda nisiipate yote."

Alitazama mistari ya juu, kisha akanitazama mimi.

"Haya," alisema. "Ile mizee ya kule pembeni tuiache. Njoo huku."